Kamera ya mtego yenye laini ya simu: nilipie mpango gani wa picha?

Mfugaji wa Mbaruk:
Hamjambo nyote. Nina shamba la ekari tatu hapa Mbaruk, upande unaoelekea Elementaita, na tangu mvua za Aprili fisi wamekuwa wakipenya zizini. Kufikia jana wamekwisha kubeba mbuzi wanne. Binamu yangu anayeishi Marekani, ambako wawindaji hufunga kamera hizi, zinazopiga picha zenyewe mnyama anapopita, mitini ili wajue kulungu wanapita wapi kabla ya msimu kufunguliwa, aliniletea moja alipokuja likizo. Mimi sina haja ya kuwinda, na hata ningekuwa nayo, uwindaji umepigwa marufuku hapa Kenya tangu mwaka wa 1977. Ninachotaka ni kujua fisi wanaingilia wapi na saa ngapi, bila kukesha nje na tochi. Kinachonitatiza ni malipo. Kampuni iliyoitengeneza inauza mipango ya mwezi inayohesabiwa kwa picha: 250, 1,000, au picha zisizo na kikomo, na yote hulipwa kwa dola. Kijana mmoja wa duka la simu mjini ameniambia niachane na hayo, nitie laini ya kawaida na bando. Nifuate lipi?

Fundi wa Section 58:
Ndugu, kabla ya bei, fungua mfuniko utazame kama kuna nafasi ya kutia laini. Kamera nyingi zilizotengenezwa kwa soko la Marekani hufungiwa kwenye mitandao ya huko, na masafa yake ya mawimbi si lazima yaoane na ya minara yetu. Ikiwa haishiki mtandao hapa, mpango wowote utakaolipia ni hasara. Ikiwa inapokea laini yoyote, angalia kama inaweza kutuma picha kwa barua pepe, au inatuma kwa programu ya kampuni peke yake. Ya kwanza inatosheka na bando. Ya pili huenda ikakudai mpango hata kama laini ni yako.

Ukitumia laini yako, ondoa kwanza namba yake ya siri (PIN) kwa kuitia laini hiyo kwenye simu, kwa sababu kamera nyingi hazina pa kuibonyezea. Usinunue bando la siku. Likiisha usiku wa manane kamera haiwezi kujinunulia jingine, nayo huenda ikaendelea kula salio kwa bei ya juu hadi lifike sufuri. Nunua la mwezi au lile lisilo na muda.

Jirani wa Kiboko, Nyakach:
Mimi nilianza na picha 1,000, nikazimaliza kwa siku tisa. Nilipoketi kuzihesabu, zenye kiboko hazikufika arobaini. Nyingine zote zilikuwa nyasi, bata wa jirani, na mimi mwenyewe nikienda kuteka maji. Kihisi cha kamera hizi hushtuliwa na joto linalosogea, na nyasi ndefu zilizopigwa na jua, zikianza kuyumba upepo wa ziwa unapoingia alasiri, hukidanganya kabisa. Isitoshe nilikuwa nimeielekeza magharibi, jua la jioni likiingia moja kwa moja kwenye lenzi.

Nilifyeka hatua sita mbele yake, nikaigeuza ielekee kaskazini, nikaiamuru ifanye kazi kuanzia saa moja jioni hadi saa kumi na mbili asubuhi, picha moja kwa kila mshtuko, kisha ipumzike dakika tano. Sasa napata picha saba kwa usiku, yaani kama 210 kwa mwezi, na mpango mdogo unanitosha. Kwa hiyo, ndugu yangu, usilipie mpango mkubwa ili kugharamia nyasi. Lipia mdogo, ufyeke, uhesabu wiki mbili, ndipo uamue.

Fundi wa Section 58:
Mzee wa Nyakach amesema kweli, ila dakika tano zinamfaa kiboko anayelisha papo hapo. Fisi hupita mara moja, na wa pili huwa nyuma yake. Weka sekunde thelathini. Pia tuma kijipicha pekee, yaani nakala ndogo ya picha, kwa kuwa picha kamili hubaki kwenye kadi ya kumbukumbu. Ikiwa kijipicha ni kilobaiti 100, picha 60 kwa usiku ni megabaiti 180 kwa mwezi. Picha kamili za megabaiti mbili na nusu zingekula gigabaiti nne na nusu. Kutuma zote pamoja asubuhi huokoa betri, lakini habari ya fisi ikifika saa mbili asubuhi mbuzi ameshaliwa, kwa hiyo kwako ni kutuma papo hapo na betri za lithiamu. Na kama kamera inaona njia ya jirani, mwambie.

Mfugaji wa Mbaruk:
Asanteni. Nafasi ya laini ipo, imeshika mtandao, na barua pepe inakubali, basi nimetia bando la mwezi na dola nimeziacha. Usiku wa kwanza zilikuja picha 31, nyingi za mkia wa mbwa wangu. Saa nane na dakika kumi na mbili usiku fisi mwenye sikio lililochanika alikuwa amelala kifudifudi, nusu ndani, nusu nje, chini ya lango ambalo kila jioni mimi mwenyewe hulifunga kwa kufuli. Leo namwaga zege hapo.