Ulaya kwa ajili ya sanaa, majengo na muziki: miji minne au mji mmoja? Naomba mwongozo

Binti_Upanga:
Wakuu habari za jioni. Mimi na mume wangu tunadunduliza hela ya kwenda Ulaya mwakani, safari ya kuangalia sanaa, sio shopping. Mimi nafundisha kuchora, yeye anapiga kinanda kanisani na akianza kumuongelea Beethoven humnyamazishi. Tulichopanga ni Paris, Roma, Barcelona halafu Vienna, vyote ndani ya wiki moja na nusu, mwanzoni mwa mwezi wa saba kabla shule hazijafunguliwa. Hivi hii ratiba inawezekana kweli? Na kama ni kuchagua mji mmoja tu ungesema upi? Tunataka kusikia muziki wa maana ila viti vya opera nimeona bei zake nikafunga laptop.

Mzee_wa_Kivukoni:
Dada, kwa ratiba hiyo mtaona viwanja vya ndege tu. Chukueni Vienna peke yake na msiende wa saba, nendeni wa sita. Msimu wa opera pale Staatsoper, jumba la opera la Vienna, unaanza Septemba unaisha mwisho wa Juni, Julai na Agosti hakuna kitu, na okestra ya Vienna Philharmonic yenyewe inakuwa mji wa Salzburg kwenye tamasha. Ukifika Julai unakutana na vijana wamevaa mawigi ya kizamani wanakuuzia tiketi barabarani, muziki wa watalii ule, mtu anayempenda Beethoven hatatosheka.

Kuhusu viti usiogope, kuna nafasi za kusimama, wenyewe wanaita Stehplatz, zipo mamia kila onyesho na bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na kiti. Zile za chini, nyuma ya viti vya bei mbaya, ndo za kuwahi maana unaliona jukwaa lote. Ukishaingia unapata sehemu yako kwenye reli ya kuegemea, unafunga skafu pale ijulikane pana mwenyewe, halafu unatoka zako kunyoosha miguu mpaka kengele ilie. We funga kanga. Mbele yako kuna kaskrini kadogo kanaonyesha tafsiri ya wanachoimba, Kiingereza kipo. Na mwambie mumeo hivi, lile jengo lilifunguliwa 1869, Machi 1945 likapigwa bomu ukumbi na jukwaa vikaungua, walipomaliza kulijenga upya 1955 wakafungua na Fidelio, opera pekee aliyoiandika Beethoven. Atasimama mpaka mwisho bila kulalamika.

Jumapili saa tano asubuhi nendeni kanisa la Augustinerkirche, misa inaimbwa na kwaya na okestra, tungo za Haydn, Mozart, Schubert, na ni ibada kabisa sio onyesho, hamna kiingilio. Kwa mpiga kinanda wa kanisani mi naona hapo ndo kwa kuanzia hata kabla ya opera.

Mchora_Ramani:
Muziki umeshasemwa, mi niongelee majengo maana ndo kazi yangu. Kasimameni Michaelerplatz, ni uwanja wa katikati ya mji. Upande mmoja lango la ikulu ya zamani limejaa masanamu na urembo mpaka juu, mkigeuka tu mnaliona jengo la msanifu Adolf Loos la 1911, ghorofa za juu ni ukuta mweupe mtupu, madirisha hayana hata fremu ya urembo. Watu wa mjini walichukia wakaliita nyumba isiyo na nyusi, ujenzi ukasimamishwa, mwisho wakaelewana aweke masanduku ya maua madirishani na yapo mpaka leo. Yaani ugomvi wote wa usanifu wa karne iliyopita unauona ukiwa umesimama sehemu moja.

Halafu tembeeni mpaka Postsparkasse ya msanifu Otto Wagner, ile benki ya posta, 1906. Sogeleeni ukuta kabisa, mtaona vipande vya marumaru vimebanwa na bolti zenye vichwa vya aluminiamu, hajazificha, kazifanya ndo pambo lenyewe. Mimi hapo ningekaa saa nzima.

Na msikose Karl-Marx-Hof, flati za wafanyakazi zilizojengwa na manispaa 1927 mpaka 1930, urefu zaidi ya kilomita moja, nyumba 1,382, na ndani waliweka mpaka chekechea na sehemu za kufulia. Aliyekulia kwenye nyumba za NHC ataangalia kwa jicho la tofauti. Ipo mbele ya stesheni ya Heiligenstadt, mwisho wa treni ya U4, na eneo hilohilo ndo kuna nyumba ya makumbusho ya Beethoven, pale Heiligenstadt ndipo alipoandika 1802 ile barua kwa ndugu zake kuhusu kuwa kiziwi. Siku moja mnamaliza vyote viwili.

kidoti_tz:
Mi sikubaliani sana na Vienna, kwa mwalimu wa kuchora Barcelona inamfaa zaidi. Makumbusho ya Picasso ipo, majengo ya msanifu Gaudí yapo kila kona, na muziki pia upo, ukumbi wa Palau de la Música wa 1908 una paa la vioo vya rangi, mchana hauhitaji taa. Na bahari ipo jamani.

Mzee_wa_Kivukoni:
@kidoti_tz Barcelona siikatai, kama wangekuwa wanaenda Julai ningesema hivyohivyo. Ila Vienna vitu vinashikana. Nenda Secession, jumba la maonyesho ya sanaa la 1898, chini kuna mchoro wa ukutani wa 1902 wa mchoraji Klimt, urefu mita 34, wote unahusu Simfoni ya Tisa ya Beethoven. Mke anatazama mchoro, mume kaweka earphone anasikiliza simfoni yenyewe, wapi tena utapata hiyo? Halafu makumbusho ya Belvedere kuna ule mchoro wa Klimt unaoitwa Busu, mraba sentimita 180 kwa 180, dhahabu halisi juu ya rangi, kwenye picha ya simu inaonekana bapa kabisa ila ukisimama pembeni kidogo dhahabu inabadilika na mwanga. Mwalimu, wewe unayewafundisha watoto Tingatinga utaielewa haraka, naye Tingatinga alichora kwenye vibao vya mraba akajaza umbo moja kubwa.

Binti_Upanga:
Asanteni sana jamani, mume wangu kasoma kafika kwenye misa akasema basi, Vienna. Tutaenda wa sita. Sasa viza inakuwaje?

Mchora_Ramani:
Ni Schengen, viza moja ya nchi nyingi za Ulaya, na unaomba kwa nchi mnayokaa siku nyingi, kwa hiyo kwenu ni Austria. Ada euro 90 kila mmoja, bima ya safari iwe inafika euro 30,000. Maombi yanapokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari na mwisho siku 15 kabla, we anza mapema, Januari Februari hivi, usisubiri wa tano.