Timu za kanda za raga Wales: pesa inavujia wapi hasa?

Flanka7
Wakuu, naomba ufafanuzi wa kihesabu. Bajeti ya wachezaji kwa kila timu ya kanda Wales ilikuwa pauni milioni 7.2 msimu wa 2022/23, ikashushwa hadi 5.2, kisha 4.5 msimu wa 2024/25. Zaidi ya theluthi moja imekatwa ndani ya miaka miwili, na bado timu ya Cardiff ikaangukia mikononi mwa msimamizi wa ufilisi Aprili 2025, chama cha raga cha Wales (WRU) kikainunua. Oktoba mwaka huohuo WRU ikatangaza timu zipungue kutoka nne hadi tatu. Kama mishahara imebanwa namna hiyo, pesa inavujia wapi? Na mtu akifungua hesabu za klabu, aangalie nini ili aione hatari mapema?

Daftari_Wazi
Anzia mlangoni. URC, ligi wanayocheza kanda hizi, ni mechi 18, nyumbani 9. Ongeza 2 za makundi ya Ulaya, zinakuwa 11. Tuchukue mfano wa watazamaji 7,000 kwa wastani wa pauni 20: unapata 1,540,000. VAT ya 20% imo ndani ya bei hiyo. Ukiitoa inabaki kama 1,283,000. Hapo hujalipa walinzi, taa, huduma ya kwanza wala kodi ya uwanja. Pengo kati ya hiyo na milioni 4.5 za wachezaji, achilia mbali makocha, madaktari na ofisi, linazibwa na wadhamini, malipo ya WRU na mfuko wa mmiliki.

Malipo ya WRU nayo yanategemea timu ya taifa kujaza uwanja wa taifa ulioko Cardiff. Six Nations, mashindano ya kila mwaka ya mataifa sita ya Ulaya, ni mechi 3 nyumbani mwaka mmoja, 2 mwaka unaofuata. Mwaka wa mechi 2 ni mwembamba, na kanda zote zinausikia.

Usisahau mchango wa mwajiri wa bima ya taifa, uliopanda kutoka 13.8% hadi 15% Aprili 2025. Mchezaji wa pauni 100,000 anaigharimu klabu 14,250 za ziada, kwa sababu mchango unahesabiwa juu ya kila kinachozidi 5,000.

Lakini kinachoua klabu ni tarehe. Tiketi za msimu huuzwa kuanzia masika hadi kiangazi, pesa zinaingia kwa mkupuo, halafu zinaliwa kidogo kidogo. Mishahara haisubiri. Kodi ya mishahara ya mwezi uliopita inadaiwa tarehe 22 ya kila mwezi. Klabu ikiishiwa, deni la kwanza kucheleweshwa ni hilo, kwa sababu mamlaka ya kodi haigomi mazoezi kama mchezaji. Ndiyo maana Worcester na Wasps, klabu za raga za England, mwaka 2022, zote ziliandamwa na mamlaka ya kodi kabla ya kuanguka.

Sasa hesabu zenyewe. Zinapatikana bure kwenye sajili ya kampuni ya Uingereza. Usidanganywe na mstari wa fedha benki. Klabu nyingi hufunga mwaka Juni 30, pale pale pesa za tiketi zimetoka kuingia. Shuka hadi kwenye madeni ya ndani ya mwaka mmoja, tafuta mapato yaliyopokelewa kabla ya huduma kutolewa. Ukikuta benki kuna milioni 1.1 na mapato ya namna hiyo ni milioni 1.4, ujue klabu imeshakula laki 3 za mechi ambazo hazijachezwa.

Kisha soma maelezo ya uwezo wa kampuni kuendelea na shughuli. Kama yanasema klabu inategemea barua ya mmiliki ya kuunga mkono, uliza mambo mawili: je, barua ina kiasi, na ni ya miezi mingapi? Mkaguzi akiandika kwamba kuna shaka kubwa, usisubiri kurasa nyingine. Ndicho kilichoibana Cardiff: fedha zilizotarajiwa kutoka kwa wenye hisa wakuu hazikufika.

Kona_ya_Mashariki
Nakubaliana na Daftari kuhusu tarehe, ila deni lisipuuzwe. Wakati wa Covid, WRU ilichukua mkopo wa benki wa pauni milioni 20 kwa ajili ya kanda, na wa kuulipa wakawa kanda zenyewe. Baadaye Serikali ya Wales ikatoa mkopo wa milioni 18 kuchukua nafasi yake. Ule ulikuwa mkopo wa kuziba mishahara ya viwanja vitupu, haukujenga jukwaa wala duka la kuingiza chochote. Piga hesabu ya mfano: klabu yenye deni la milioni 4 kwa riba ya 6% inalipa 240,000 kwa mwaka kabla ya kugusa deni lenyewe. Kwa bajeti ya milioni 4.5 na wachezaji 40, wastani ni 112,500 kila mmoja. Riba peke yake imekula wachezaji wawili. Timu inadhoofika, inafungwa, mlango unapungua, na mwaka unaofuata riba ni ileile.

Kwa hiyo kukata mishahara hakukuwa tiba. Walikata kile watu wanachokuja kukitazama.

Flanka7
Nimeelewa, nashukuru sana. Mawili yamebaki: timu tatu zitasaidia kweli? Na mwenye tiketi ya msimu yuko wapi klabu ikifilisika?

Skramu_Tano
Nitajibu la timu. Kwenye karatasi ni rahisi: milioni 4.5 mara nne ni 18, gawa kwa tatu, kila timu inapata 6. Kasoro iko kwenye ratiba. Kwa timu nne, kila moja inacheza na wenzake watatu nyumbani na ugenini, yaani mechi 3 za watani kwenye uwanja wake. Hizo ndizo zinazojaza, hasa za Krismasi na Mwaka Mpya. Zikibaki timu tatu, zinakuwa 2. Mechi moja kati ya zile bora kabisa imeondoka kwa kila klabu.

Na mashabiki hawahamishwi kama mafaili. Mwaka 2003 Wales ilianza na kanda tano. Celtic Warriors, ya Bridgend na Pontypridd, ilivunjwa 2004 baada ya msimu mmoja tu. Wachezaji walipata kwa kwenda, lakini watu wengi wa mabonde yale hawakuona tena timu wanayoweza kuiita yao. Anayepanga bajeti ya timu tatu akiweka mashabiki wote wa timu iliyofutwa kama wateja wapya, anajidanganya. Mimi ningeweka sifuri, halafu atakayekuja akaribishwe.

Daftari_Wazi
La tiketi. Msimamizi wa ufilisi akishika klabu, foleni ya kulipwa ni hivi: mwenye dhamana maalumu (mkopeshaji aliyeshikilia mali mahususi kama jengo), gharama za msimamizi, wafanyakazi kwa malimbikizo ya mshahara yasiyozidi pauni 800 pamoja na malipo ya likizo, kisha mamlaka ya kodi (tangu Desemba 2020 imerudishwa mbele), kisha mwenye dhamana ya jumla (mkopeshaji aliyeshikilia mali zinazobadilika kama bidhaa za dukani). Mwenye tiketi ya msimu yuko nyuma na muuza nyama wa kantini. Mara nyingi mnunuzi mpya huziheshimu tiketi ili asiwapoteze watu, lakini hilo ni hiari yake.

Kwa hiyo kinga iwekwe siku ya kununua. Lipa kwa kadi ya mkopo, si kadi ya kawaida inayokata pesa kwenye akaunti yako: sheria ya Uingereza inaibana kampuni ya kadi pamoja na muuzaji kwa kitu cha bei inayozidi pauni 100 hadi 30,000. Kadi ya kawaida ina njia ya kudai marejesho, ila ni utaratibu wa makampuni ya kadi tu, na muda wake kwa kawaida ni siku 120. Familia nyingi hukwama hapa: kila tiketi inahesabiwa peke yake. Tiketi ya mtu mzima ya pauni 220 inalindwa, ya mtoto ya pauni 60 hailindwi, hata kama zimelipwa kwa pamoja. Na ukinunua kupitia wakala badala ya klabu, kinga hiyo inaweza kukatika kabisa.