Mjadala: Fedha za wasio na makazi California zikaguliwe kwa stakabadhi, au kwa watu waliopata nyumba?

Ndugu aliyenitangulia katika mjadala huu ameandika kwamba kukagua fedha za watu wasio na makazi ni kuwachelewesha wanaolala barabarani, kwa sababu kila dola anayolipwa mkaguzi ni dola iliyokosekana kwenye kitanda. Mwingine akamjibu kwamba fedha hizo zisimamishwe kabisa mpaka hesabu zikamilike. Mimi nawapinga wote wawili, na nitatumia mfano wa jimbo la California ninakoishi, kwa kuwa huku suala hili limepita kwa wakaguzi, likapita mahakamani, na bado halijaisha.

Aprili 2024 Mkaguzi wa Hesabu wa California alitoa ripoti iliyoonyesha kwamba katika miaka mitano ya fedha, kuanzia 2018 hadi 2023, jimbo lilitumia karibu dola bilioni 24 kwa ajili ya makazi na watu wasio na makazi, kupitia programu zisizopungua 30 zilizosimamiwa na taasisi 9. Katika hesabu ya Januari 2023, wasio na makazi jimboni walikuwa zaidi ya 181,000, ongezeko la takriban asilimia 53 tangu 2013. Wengi walizichukua namba hizo, wakaziweka pamoja na kuhitimisha kwamba fedha zimeliwa. Ripoti haikusema hivyo. Ilisema jambo ambalo kwangu ni zito zaidi: baraza la jimbo lenye jukumu la kuratibu programu hizo lilifuatilia matumizi na matokeo hadi Juni 2021 tu, kisha halikuendelea. Kati ya programu 5 zilizochunguzwa kwa kina, 3 hazikuweza kupimwa kama zina thamani ya fedha, kwa sababu takwimu za matokeo hazikutosha.

Sisi tuliozoea kusubiri ripoti ya CAG, Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali kule Tanzania, kila mwaka huuliza kwanza nani kapata hati safi na nani kapata hati chafu. Hati safi ni muhimu, lakini inathibitisha kwamba vitabu vimeandikwa sawasawa. Haithibitishi kwamba huduma imemfikia mtu. Halmashauri inaweza kuwa na ankara, hati za malipo na sahihi zote mahali pake, na zahanati yake ikawa haina dawa. Kwa wasio na makazi tatizo hilo ni kubwa zaidi, kwa sababu binadamu hakai mahali pamoja kama jengo: mwezi huu yuko kwenye malazi ya muda, ujao analala ndani ya gari, unaofuata yuko hospitalini, na kila anapopita kuna anayeandika kwamba amemhudumia. Mtu mmoja anaweza kuonekana kama mafanikio matatu katika taarifa tatu, naye bado analala nje.

Nililiona hili nilipojitolea katika zoezi la Januari la kuhesabu wasio na makazi mjini Los Angeles. Tulikuwa watatu ndani ya gari, usiku, tukizunguka taratibu mitaa tuliyopangiwa. Mmoja anaendesha, mmoja anaangalia ramani, mmoja anaandika. Hatukuruhusiwa kumwamsha mtu wala kufungua hema la mtu. Chini ya daraja la barabara kuu tulikuta hema la buluu limefungwa, na mbele yake jozi tatu za viatu zimepangwa vizuri kama mlangoni pa nyumba yoyote ya kwetu. Tukaandika: hema moja. Idadi ya watu hukadiriwa baadaye, kwa kuzidisha mahema kwa wastani unaotokana na mahojiano yanayofanywa kando. Njia hiyo ni ya kitaalamu na siibezi, lakini haiwezi kutueleza kama wenye viatu vile waliwahi kupewa chumba, walikaa humo kwa muda gani, na nini kiliwarudisha chini ya daraja. Maswali hayo yangejibiwa na kumbukumbu za programu zenyewe, na hizo ndizo zenye mapengo.

Mjini humo, kesi kuhusu wasio na makazi iliyofunguliwa mwaka 2020 na kikundi cha LA Alliance for Human Rights dhidi ya Jiji na Kaunti ya Los Angeles ndiyo iliyozaa ukaguzi huru chini ya Jaji David O. Carter wa mahakama ya shirikisho. Kampuni ya Alvarez & Marsal ilipitia zaidi ya dola bilioni 2 zilizohusu huduma hizo, na matokeo yake ya Machi 2025 yalieleza takwimu zilizotawanyika, mikataba isiyosema wazi ni huduma gani inanunuliwa, na ankara zilizolipwa bila uthibitisho wa kutosha kwamba kazi ilifanyika. Hapo kwenye mikataba ndipo penye kiini. Mkataba ukitaja huduma kwa jumla tu, bila kusema nini, mara ngapi na kwa nani, hakuna mkaguzi atakayeweza kusema baadaye kwamba huduma hiyo haikutolewa.

Ndugu wa kwanza ana hofu kwamba ukaguzi utawaumiza wahudumu wadogo, yaani mashirika yanayolipwa kutoa huduma, na hofu hiyo ni ya kweli, makaratasi huwachosha. Lakini ni ukaguzi wa Kaunti wa Novemba 2024 uliofichua kwamba LAHSA, mamlaka ya pamoja ya Jiji na Kaunti inayosimamia huduma kwa wasio na makazi, ilikuwa ikichelewa kuwalipa wahudumu hao hata pale fedha zilipokuwapo. Pasipo mkaguzi, nani angewasemea?

Kwa ndugu wa pili, anayetaka bomba lifungwe: ripoti ile ile ya Mkaguzi wa jimbo ya Aprili 2024 ilikuta kwamba programu ya Homekey, inayonunua hoteli na majengo mengine na kuyageuza makazi, ilipata chumba kimoja kwa wastani wa dola 144,000, wakati kujenga kipya kungegharimu kati ya 380,000 na 570,000. Ukifunga bomba lote, umeifunga na hiyo.

Aprili 2025 Kaunti ilipiga kura kuondoa zaidi ya dola milioni 300 kwa mwaka kutoka LAHSA na kuzipeleka kwenye idara yake mpya. Kubadilisha mwenye mfuko hakutoshi. Ningependa kila mkataba wa idara hiyo umtake mhudumu aeleze kila aliyempokea yuko wapi miezi sita baada ya kutoka mikononi mwake. Sisemi alipwe kwa mafanikio, maana atachagua walio wepesi kusaidiwa na kuwaacha wazee na wagonjwa wa akili. Alipwe kwa kuripoti kweli, hata kama kweli yenyewe ni kwamba mtu amerudi barabarani au hajulikani alipo. Ndugu zangu wawili, anayepinga sharti hilo naomba aniambie ni lipi angeliweka mahali pake.