Naomba ushauri: mke wangu mjamzito na jodari wa kopo

Wakuu, habari zenu. Niko Kigoma mjini, Mwanga. Mke wangu ana mimba ya miezi minne na harufu ya samaki wabichi imemshinda. Nikirudi na migebuka kutoka Kibirizi ananifungulia mlango huku kaziba pua. Sisi watu wa ziwani, jamani! Anachokubali ni jodari wa kopo tu, na kopo la gramu 170 halifiki jioni.

Dada yangu kanitisha na habari za zebaki. Nimesoma kwamba hujikusanya zaidi kwa samaki wakubwa wanaokula wenzao, na ikizidi hudhuru ubongo wa mtoto tumboni. Kupika hakuiondoi, imo kwenye nyama yenyewe. Marekani wanashauri mjamzito ale gramu 227 hadi 340 kwa wiki, tena za samaki wenye zebaki kidogo. Huyu wangu anazimaliza kwa siku mbili!

Nimejaribu dagaa wakavu, nikawaosha kwa maji moto, nikawakaanga na nyanya na ndimu. Siku mbili alikula, ya tatu akatapika. Kliniki waliniambia tu "samaki ni wazuri."

Naomba kujua: jodari wanatofautiana kwa zebaki, ila lebo imeandikwa "jodari kwenye mafuta" basi. Nitajuaje ni wa aina gani? Na kuna mama aliyewahi kupika dagaa harufu ikaisha kabisa? Nyama hali, kwa hiyo msiniambie aache samaki.