Waridi jipya la chunguni linapukutisha majani, nakosea wapi?

Mgeni wa Maua
Wakuu, habari za muda huu. Naomba msaada kabla sijaua mmea. Siku 11 zilizopita nilinunua mawaridi mawili ya kwenye chungu, yale mafupi yenye maua madogo madogo, moja jekundu na moja la pinki. Yalikuja yamefungwa karatasi ya kung'aa, yamechanua utadhani ya plastiki. Nikayaweka kwenye meza ya sebuleni. Kila asubuhi nayamwagilia bila kukosa, jioni nayapulizia maji kwenye majani.

Sasa lile jekundu majani ya chini yamekuwa njano, ukiyagusa tu yanadondoka. Matumba yaliyobaki yameinamisha shingo na yanakauka kabla ya kufunguka. La pinki lina afadhali kidogo. Jana nimeweka mbolea ya maji, nafuu sijaiona. Kuna mtu kaniambia nilihamishie kwenye chungu kikubwa leo hii. Nihamishe?

Kidole Tope
Pole sana. Kabla ya yote, toa hiyo karatasi ya kung'aa, inua chungu utazame chini. Halafu chomeka kidole kwenye udongo mpaka pingili ya pili. Rudi utuambie umekuta nini, na leo usimwagilie.

Mgeni wa Maua
Aibu yangu. Ndani ya karatasi ya jekundu kulikuwa na maji ya kahawia kama robo kikombe, yananuka kama yale ya maua yaliyokaa wiki nzima hayajabadilishwa. Udongo wa chini ni tope tupu. La pinki karatasi yake ilichanika siku ya kwanza nikaitupa, na hilo udongo wake ni mkavu! Umeachana na ukuta wa chungu, nikimwaga maji yanapita pembeni yanatokea chini yote.

Kidole Tope
Basi una wagonjwa wawili wa magonjwa tofauti, na wote umewapa dawa moja.

Jekundu limezama. Mizizi inahitaji hewa, na udongo uliojaa maji hauna hewa, kwa hiyo inaoza. Mzizi uliooza haunywi, ndiyo maana mmea unalegea kana kwamba una kiu, nawe ukiuona hivyo unaongeza maji. Uchomoe taratibu kwenye chungu. Mizizi myeupe au ya kahawia hafifu, migumu kiasi, ni mizima. Ile myeusi inayoteleza, ukiivuta ganda linabaki mkononi na kinachobaki ni uzi, hiyo imekufa, ikate yote kwa mkasi safi.

La pinki udongo wake ulikauka sana mpaka ukaanza kuyakataa maji. Weka maji kwenye beseni yafike nusu ya kimo cha chungu, uliache humo kama nusu saa mpaka uso wa udongo ulowe. Kisha litoe lichuruzike kabisa.

Na hiyo ratiba ya kila asubuhi iache. Inua chungu kikiwa kimetoka kunywa, uzito wake ukae mkononi. Siku ukikiinua ukakiona chepesi na kidole kinatoka kikavu, hapo ndipo umwagilie.

Bibi wa Vyungu
Mwanangu, mezani sebuleni? Waridi ni mmea wa jua. Linataka kama saa 6 za jua lenyewe kwa siku. Macho yetu yanazoea giza la ndani tukadhani pana mwanga. Lipeleke dirishani penye jua, na kama una kibaraza, bora zaidi. Ila usilitoe kwa siku moja: anza na jua la asubuhi, ongeza kidogo kidogo kwa wiki nzima, la sivyo majani yataungua.

Kupulizia maji jioni, acha. Ugonjwa wa madoa meusi huanza pale jani linapokaa na unyevu kwa saa kadhaa, nawe unaulowesha mmea ukalale nao usiku kucha. Mwagilia kwenye udongo.

Tena gonga jani juu ya karatasi nyeupe. Vumbi likianza kutembea, hao ni utitiri. Hukaa upande wa chini wa majani, hasa ndani ya nyumba penye hewa kavu. Wasukume kwa maji asubuhi, urudie kila baada ya siku chache.

Mbishi Mstaarabu
Kuhusu kuhamisha, la pinki liache mpaka maua yaishe. Jekundu lihamishe sasa maana linaoza, hakuna cha kusubiri. Lakini chungu kikubwa ni kosa lilelile kwa mlango mwingine, kwa sababu udongo mwingi unashika maji ambayo mizizi michache haiwezi kuyamaliza. Chungu kiwe na matundu, na kipana kuliko cha zamani kwa vidole viwili tu. Mbolea usiguse mpaka uone majani mapya, kama mwezi hivi. Mizizi yenye vidonda ukiiwekea chumvi za mbolea unaiunguza.

Jirani wa Jikoni
Mimi huwa namwagia jivu na maganda ya mayai, mambo safi.

Mbishi Mstaarabu
Maganda hayana neno ila huchukua muda mrefu mno kuoza. Jivu hapana, mkuu. Waridi linapenda udongo wenye asidi kidogo, pH (kipimo cha asidi) ya 6 hadi 6.5, na jivu linapeleka upande wa pili. Kwenye chungu kidogo hata kijiko kinatosha kuharibu.

Kidole Tope
Nilisahau: jekundu likate maua na matumba yote.

Mgeni wa Maua
Yote? Si ndiyo niliyoyanunua?

Kidole Tope
Ndiyo, yote. Mmea wenye nusu ya mizizi hauwezi kulisha maua. La pinki subiri ua linyauke, kisha kata juu kidogo ya jani lenye vijani vitano, penye jicho (kinundu ambapo tawi jipya huchipukia) linalotazama nje.

Mgeni wa Maua
Wakuu, narudi baada ya wiki tano. Kumbe jekundu halikuwa mche mmoja, ni vipandikizi vinne vilivyobanwa pamoja! Viwili vimekufa, nilikwaruza gome nikakuta kahawia tupu. Viwili ndani ni kijani. La pinki lina matumba matatu. Ila kimoja cha vile viwili kimetoa vichipukizi vyekundu kama damu ya mzee, majani yanang'aa. Huu nao ni ugonjwa gani?

Bibi wa Vyungu
Hahaha, huo ndio uzima wenyewe. Majani machanga ya waridi mara nyingi huanza mekundu, yakikomaa yanakuwa kijani. Yaache, weka mkasi chini.

Mgeni wa Maua
Mkasi nilikuwa nao mkononi kweli.