"Square" ni mraba tu, au kuna zaidi? Naomba msaada wa tafsiri

Mfasiri wa Usiku

Ndugu zangu, naomba msaada juu ya neno moja la Kiingereza ambalo nilidhani nimemalizana nalo tangu shule ya msingi. Natafsiri makala kuhusu kuanzishwa kwa mji mkuu wa Marekani, na ndani yake kuna kifungu cha Katiba ya nchi hiyo, iliyoandikwa mwaka 1787, kinachotaja wilaya isiyozidi "ten miles square" ambayo Bunge litakuwa na mamlaka juu yake. Bila kusita nikaandika "maili 10 za mraba". Mhariri akanirudishia ukurasa ukiwa na duara jekundu na maneno mawili pembeni: "Ni 100." Nimepiga hesabu kila namna, na hizo 90 zilizoongezeka sioni zimetoka wapi.

Tangu hapo nimeanza kulitilia shaka neno hilo kila ninapolikuta. Katika makala hiyohiyo yumo Rais Theodore Roosevelt na "Square Deal" yake, zimo sehemu za miji zinazoitwa "square", na yumo kijana wa miaka ya 1950 anayemwita baba yake "a square". Kamusi yangu inaanza na "mraba", kisha inamwaga maana nyingi zisizoshikana hata kidogo. Je, upo uzi unaoziunganisha, au ni suala la kukariri tu?

Mwalimu wa Hesabu

Mhariri wako hakukosea, na kosa lako ni la kawaida sana hata kwa wenye lugha yao. Katika Kiingereza, neno hilo likitangulia kipimo ("ten square miles"), linataja ukubwa wa eneo: maili 10 za mraba zinaweza kuwa na umbo la figo, la utepe au la kitu kisicho na jina, ilimradi jumla yake ni hiyo. Likifuata kipimo, linaeleza umbo na urefu wa upande wake. Kwa hiyo kifungu chako kinazungumzia mraba ambao kila upande una maili 10, na 10 mara 10 unaijua mwenyewe. Ndivyo wapimaji walivyofanya: waliipima wilaya ile kama mraba uliosimama kwa ncha, mfano wa almasi, pembe zake zikielekea kaskazini, kusini, mashariki na magharibi. Ukitazama ramani ya leo utaikuta almasi hiyo imemegwa upande mmoja, kwa sababu kipande kilichokuwa ng'ambo ya Mto Potomac kilirudishwa Virginia katika miaka ya 1840. Andika "isiyozidi mraba wenye upande wa maili 10", na duara jekundu litafutika.

Kwenye hesabu zenyewe hakuna tabu. Namba ikizidishwa kwa yenyewe, Kiingereza kinaiita "square" kwa sababu vijiwe 49 unaweza kuvipanga safu saba za saba saba vikafanya mraba kamili. Sisi tunasema kipeo cha pili, na njia ya kurudi tunaiita kipeuo cha pili. Ukikutana na msemo wa kugeuza duara kuwa mraba, usiutafsiri kama ulivyo. Unatokana na fumbo la kale la kuchora, kwa rula na bikari pekee, mraba wenye eneo sawa na la duara fulani, jambo ambalo mwaka 1882 Ferdinand von Lindemann alithibitisha kwamba haliwezekani kamwe. Katika habari za siasa msemo huo humaanisha kutaka kupatanisha mambo yasiyopatanika.

Fundi Mstaafu

Mimi si mtu wa isimu, nilikuwa seremala, lakini naona ninyi wenye kamusi mnaingilia mlango wa nyuma. Anzeni na kifaa. Lile bapa la chuma lililopachikwa kwenye mpini wa mti kwa pembe ya nyuzi 90, ambalo wazee wetu wa kazi waliliita guni na vijana wa leo wanaliita skwea, kwa Kiingereza ndilo "square", na halina pande nne wala halijafunga umbo lolote. Ni kama herufi L. Hata ile pembetatu ya plastiki iliyomo katika kisanduku cha mwanafunzi, yenye pande tatu zinazohesabika, Kiingereza kinaiita "set square". Kama maana ya asili ingekuwa pande nne zilizo sawa, vifaa hivyo viwili vingekuwa vimepewa jina kwa kejeli.

Mwenye kukitumia kifaa hicho hahitaji kuelezwa jinsi neno lilivyohamia kwenye tabia za watu. Unaegemeza mpini kwenye ukingo uliokwisha kupigwa randa, unashusha bapa juu ya mbao, kisha unainua vyote viwili kuelekea kwenye mwanga. Uzi mwembamba wa mwanga ukipenya chini ya chuma, mbao imekwenda kombo, na hakuna maneno matamu yatakayoinyoosha. Kifaa chenyewe nacho hujaribiwa: unachora mstari, unakigeuza kilalie upande wa pili, unachora tena kutoka nukta ileile, na mistari ikiachana hata unywele mmoja, kitafutie kazi nyingine. Kitu kisichopendelea upande wowote namna hiyo, si ajabu kwamba Waingereza walikifanya kipimo cha uadilifu. "Fair and square" ni kwa haki, bila hila. Kumaliza deni na mtu, mkawa hamdaiani, ni kuwa "square" naye. Nasi tunalo jambo lilelile tunapomwita mtu mnyofu; hatusemi juu ya mgongo wake.

Tazameni pia jinsi neno linavyotumika pasipo mraba wowote machoni. Katika mpira wa miguu, pasi ya namna hiyo ni ile inayokatiza uwanja kutoka ubavu mmoja kwenda mwingine, badala ya kwenda mbele. Katika kriketi, mchezaji anayesimama "square leg" yuko ubavuni mwa mpiga mpira, takriban nyuzi 90 kutoka mstari wa mchezo. Katika merikebu za zamani zilizoitwa hivyo, foromali, yaani miti ya kubebea matanga, zilining'inizwa zikikata mkuku, ule uti wa chini wa chombo, kwa pembe hiyohiyo, na mabaharia walipozipanga vizuri walisema zimekuwa "square", ndiyo maana Mmarekani akisema mambo yake yako "squared away" anakusudia kwamba kila kitu kimekaa mahali pake. Uzi unaoutafuta, ndugu mfasiri, ni pembe. Pande nne zilikuja nyuma yake.

Msomaji wa Kamusi

Fundi amenena, na historia ya neno iko upande wake zaidi ya alivyodai. Katika Kiingereza nomino hii iliingia kutoka Kifaransa cha kale ikiwa jina la kifaa cha fundi, na maana ya umbo ikafuata baadaye. Ninachoongeza ni kwamba nne haikuja nyuma kabisa, kwa maana shina la neno ni Kilatini *quadrus*, linalotokana na *quattuor*, yaani nne. Kwa hiyo nne ilizaa kifaa cha kusawazishia pembe, na kifaa kikalirudisha jina kwenye umbo. Mraba wetu ulipita njia fupi zaidi: ulitoka moja kwa moja kwenye shina la Kiarabu la nne, lilelile lililotupa robo, arubaini na tarbia, lile shairi la mishororo minne katika kila ubeti. Lakini hata sisi hatukubaki kwenye umbo tu, kwa sababu tunasema "pembe mraba" tukikusudia kona moja ya nyuzi 90. (Kwa kupita tu: katika ushairi, guni ni shairi lililoshindwa kutimiza arudhi. Fundi asilichukulie kibinafsi.)

Sasa nije kwa baba wa yule kijana. Hapo utakuwa na kishawishi cha kuandika "mshamba", na nakusihi usifanye hivyo. Mshamba hajui mambo ya mjini. "Square" anaweza kuwa amezaliwa na kuzeekea katikati ya jiji, ila amenyooka mno, anafuata kanuni zote, na muziki mpya haumwingii. Zamani kumwita mtu hivyo ilikuwa sifa, kwa maana aliyoieleza fundi. Wapenzi wa jazi wa Marekani, hasa katika miaka ya 1940, ndio walioipindua, uadilifu ukaonekana ugumu wa shingo.

Kwa Roosevelt irudie maana ya sifa. Aliitumia kauli hiyo kueleza jinsi alivyoushughulikia mgomo wa wachimba makaa ya mawe wa 1902, alipowaita wenye migodi na wawakilishi wa wafanyakazi wakae pamoja, badala ya kutuma askari kuwavunja wagomaji. "Haki sawa kwa pande zote" inatosha. Sehemu za miji ziite viwanja: Uwanja wa Trafalgar, Uwanja wa Tiananmen. Zilizo nyingi si mraba hata kidogo. Times Square ya New York, iliyopewa jina hilo mwaka 1904, ni makutano ya barabara mbili zinazokatana kwa mshazari, na ukiitazama kutoka juu inafanana zaidi na tai ya kipepeo.

Tahadhari moja ya mwisho, kwa kuwa najua utazikuta hadithi hizi ukiendelea kusoma. Wako wanaosema mlo kamili uliitwa "square meal" kwa sababu ya sahani za mbao zenye kona nne za mabaharia. Maelezo hayo yanapendeza tu. Kauli ilienea Marekani katika karne ya 19 kwa maana ya chakula cha kushibisha, cha haki. Vilevile "square one", sisi tunaposema kuanza moja, husemwa ilitokana na matangazo ya mpira ya redio ya BBC ya mwaka 1927, ambapo gazeti la vipindi lilichapa uwanja uliogawanywa kwa visanduku vyenye namba. Uwanja huo ulichapwa kweli, lakini msemo haukuonekana katika maandishi hadi miaka mingi baadaye, nami naona michezo ya ubaoni ina dai lenye nguvu zaidi.

Mfasiri wa Usiku

Nawashukuru sana, wakubwa zangu. Kifungu cha Katiba nimekirekebisha kama alivyoelekeza mwalimu, na Roosevelt amepata haki yake. Kwa yule baba nilijaribu "mtu wa kizamani", lakini nikaona inamfanya mzee tu, kumbe kijana analalamikia unyofu wake wenyewe. Nimeandika: "Baba yangu amenyooka kama rula." Mnaonaje?

Msomaji wa Kamusi

Iache hivyohivyo. Kijana anatukana, na baba akisikia anaweza kudhani amesifiwa.

Fundi Mstaafu

Rula haipimi kona, lakini kwa mara hii nimekubali.