Nimemkosea mzee wangu aliyepigana vita ya Kagera au nina hoja? Naombeni ushauri

Kijana wa Buswelu

Habari za jioni wakuu. Niko Mwanza huku Buswelu, naombeni mnisome mpaka mwisho mana jambo linaniumiza na hapa nyumbani sina wa kumwambia.

Mzee wangu alikuwa mgambo. Mwishoni mwa 1978 alichukuliwa kule Magu, wakapewa mafunzo ya haraka haraka, wakapakiwa meli hapa Mwanza wakashukia Bukoba, na kutoka Kyaka mpaka Kampala alikwenda kwa miguu. Alikuwa brigedi ya 201, ile iliyojaa mgambo. Vita hasimulii kabisa, ukimuuliza anakwambia tulienda tukarudi.

Sasa mwezi wa 6 huu uliopita, 2025, Israel ilipoanza kuipiga Iran tarehe 13, halafu tarehe 22 Marekani nayo ikaingia ikapiga vituo vya nyuklia vya Fordow, Natanz na Isfahan, mi nilikuwa kwake Kisesa tunaangalia taarifa ya habari. Mzee akasema wamefanya la maana, nchi ikishajitangaza adui yako haisubiriwi ikufikie mlangoni, ndo tulivyomfanya Amin. Nikamwambia hapana baba, Amin alituingilia kwanza akachukua ardhi yetu, hawa wamepiga kwa ajili ya bomu ambalo bado halijatengenezwa. Akasema wewe vita unaijua wapi. Basi na mimi damu ikapanda, nikamjibu hata nyie mlitakiwa kuishia mpakani, mmeshamtoa Kagera mnaenda Kampala kufanya nini, waliokufa baada ya Mutukula pale mpakani walikufa kwa ajili ya nani?

Alinyamaza, akazima TV, akaingia kulala. Leo wiki ya 3 hapokei simu yangu. Mama anasema jina langu likitajwa anatoka nje.

Naomba mnisaidie mawili, hoja yangu ina kasoro wapi, na kwa mzee narudi vipi. Nawasilisha.

Mama Dagaa Kirumba

Panda gari nenda Kisesa kesho, usipige simu. Mzazi haombwi msamaha kwa simu. Hayo ya Iran utayajua mbele ya safari.

Bukoba Damu

Kaka mimi kwetu ni kule kule, ng'ambo ya mto. Bibi yangu alikimbia mwisho wa Oktoba 1978 na watoto watatu, mmoja mgongoni ambaye ndo mama yangu, aliacha ng'ombe, aliacha kahawa imeanikwa. Siku chache baadae daraja la Kyaka likabomolewa na waliochelewa wakabaki upande wa pili na askari wa Amin, na yaliyowapata wanawake waliobaki huko bibi alikuwa anayasema kwa Kihaya tu, na kwa sauti ndogo, sisi wajukuu tukifika anabadilisha habari. Amin mwenyewe tarehe 1 Novemba alishatangaza redioni kwamba mpaka wa Uganda sasa ni Mto Kagera. Unapouliza walienda Kampala kufanya nini, jiulize pia angeachwa pale Mutukula bibi angerudi kulala kwake kwa amani gani. Sikulaumu, ila ni swali zito kumuuliza mtu aliyeenda.

Wakili wa Igoma

Mkuu nikujibu upande wa hoja mana umeuliza vizuri.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa ibara ya 2(4) unakataza nchi kutumia nguvu dhidi ya nchi nyingine. Mlango ulioachwa ni ibara ya 51, kujilinda ukishashambuliwa kwa silaha, na vilevile Baraza la Usalama likiruhusu. Uadui peke yake hautoshi, matusi hayatoshi. Hapo kwenye Iran nakubaliana na wewe. Wapo wanaosema shambulio likishakuwa mlangoni kabisa unaruhusiwa kutangulia, shida ni nani anapima huo mlango. 1981 Israel ilipiga kinu cha nyuklia cha Iraq, Baraza la Usalama likalaani kwa azimio namba 487 na Marekani yenyewe ikapiga kura ya kulaani. 2003 Marekani na Uingereza wakaingia Iraq wakisema kuna silaha za maangamizi, wametafuta nchi nzima hazikuwepo, na watu walikuwa wameshakufa.

Ila kwenye Kagera umekosea, na umekosea kwa sababu umeikata hadithi katikati. Kujilinda hakuishii kwenye jiwe la mpaka, kunaishia pale hatari inapoisha. Mwalimu aliutaka Umoja wa Nchi Huru za Afrika umlaani Amin, haukumlaani. Amin hakuomba radhi, hakulipa fidia, jeshi lake lilikuwa bado linapiga mizinga, na Gaddafi akaleta wanajeshi wa Libya kumsaidia. Hao ndo waliokutana na brigedi ya mzee wako pale Lukaya mwezi wa 3, 1979. Mgambo wale walipigwa maroketi wakatawanyika, kesho yake wakarudi mbele huku brigedi ya 208 ikitokea ubavuni, wakashinda. Kwa hiyo mzee wako huenda ni mtu aliyekimbia usiku na akarudi asubuhi. Unajua hilo?

Mtoto wa Mabatini 1967

Nilikuwa shule ya msingi hapa hapa mjini. Tulichimba mahandaki uwanjani, usiku hakuna kuwasha taa. Mwisho wa Machi 1979 ndege ya Walibya ilikuja kupiga matenki ya mafuta ya Mwanza ikakosa, bomu likaangukia kwenye hifadhi ya wanyama kisiwani Saa Nane, wakafa swala. Bukoba na Mwanza zilishapigwa na ndege za Amin hata 1972. Halafu mnakuja kutwambia tungeishia mpakani.

Kijana wa Buswelu

Mzee wangu Mtoto wa Mabatini shikamoo, naheshimu. Lakini hiyo ya 1972 si ilikuja baada ya watu wa Obote, rais aliyepinduliwa na Amin, kuvuka kutokea kwetu kwenda kumpindua Amin? Sisi nao tulikuwa tumeanza kuchokoza. Na baada ya kumtoa Amin, Lule alikaa kwenye urais wa Uganda siku 68 tu, Binaisa naye akaondolewa, Obote akarudi kwa uchaguzi wa 1980 uliolalamikiwa, vita ya msituni ikaendelea mpaka 1986. Na sisi tukaambiwa tufunge mikanda miezi 18, mikanda haikufunguka, mama anasimulia foleni za sukari na sabuni mpaka leo. Ndo mana nauliza.

Wakili wa Igoma

Hiyo ni hoja, sikatai. Vita inaweza kuwa ya haki na ikazaa mabaya, hayo ni mambo mawili tofauti. Na mwenendo wake ni jambo la tatu. Pale Mutukula vijana wetu walibomoa mji kwa hasira ya Kagera, Mwalimu hakupenda, akaagiza raia na mali zao wasiguswe. Ukitaka kuikosoa vita ile anzia hapo.

Nassa Boy

Mimi nasimama na mzee. Mnaongelea ibara wakati mtu anarutubisha urani mpaka asilimia 60 na viongozi wake wanasema hadharani Israel lazima ifutike. Tarehe 12 Juni, siku moja kabla, bodi ya shirika la nguvu za atomiki lenyewe ilisema Iran imekiuka wajibu wake. Ukisubiri mpaka bomu likamilike utamjibu ukiwa hai? Bomu la nyuklia sio kama vifaru vya Amin kwamba utarudi nyuma ujipange miezi miwili.

Bukoba Damu

Nassa, hapo ndo naogopa. Kila nchi kubwa itakwambia ilikuwa inasubiriwa kuuawa. Sisi tulikuwa na maiti na nyumba zilizochomwa, tulikuwa na kitu cha kuonyesha. Na wale raia wa Tehran waliokufa usingizini na wao wana bibi zao.

Mama Dagaa Kirumba

Kijana umeshaenda Kisesa?

Kijana wa Buswelu

MREJESHO

Wakuu nimeenda jumamosi. Nilimkuta mzee nje anarekebisha banda la kuku, nikamsalimia akaitikia bila kugeuka. Nikashika nyundo nikawa nampa misumari, tumekaa hivyo karibu saa nzima. Mwisho nikamwambia baba nisamehe, sikutakiwa kuwasemea waliokufa, halafu nikamuuliza, Lukaya ulikuwepo?

Akakaa chini. Akasema walikimbia, ni kweli, na aliyekuwa anakimbia pembeni yake ni rafiki yake waliyechukuliwa naye siku moja kule Magu, asubuhi walipoitwa majina hakuitika. Akasema swali langu yeye alijiuliza pale pale Lukaya kabla mimi sijazaliwa, na jibu alilopata ni kwamba watu wa Masaka waliwapokea wakilia, wakiwapa ndizi. Lakini akasema tena, Masaka yenyewe tulikuwa tumeipiga mizinga, na kuna mama mmoja aliwapa ndizi akiwa amesimama mbele ya nyumba isiyo na paa, na hajui kama paa lile alilitoa Amin au ni wao. Hiyo hajawahi kumwambia mtu, hata mama alikuwa anaisikia mara ya kwanza.

Kwenye Iran hatujakubaliana. Bado anasema adui hasubiriwi, mimi bado nasema bila kushambuliwa huna ruhusa, ila safari hii tulibishana tunakula.

Rafiki yake amezikwa Kaboya, kwenye makaburi ya mashujaa kule Muleba, na mzee hajawahi kufika pale. Ameniomba nimpeleke siku ya Mashujaa tarehe 25 mwezi wa 7. Kuna anayejua basi la Bukoba linaloshusha Muleba linatoka saa ngapi? Ana miaka 70 na kitu, magoti yanamsumbua, sitaki akae stendi muda mrefu.

Bukoba Damu

Yanatoka Nyegezi alfajiri, kata tiketi siku moja kabla na uombe siti ya mbele. Daraja la Busisi limefunguliwa, hamtasubiri kivuko. Mwambie kondakta Kaboya, sio Muleba mjini, atawashusha pale pale. Mkifika nitafuteni, mama yangu anataka kumuona mzee.